Mbawakawa Kwenye Jeneza la Mzee Aloisi

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, kwa kuwa nyote mmeshalisikia vibaya, na afadhali mnicheke mkijua ukweli kuliko kuamini kwamba nilikuwa mke wa siri wa Mzee Aloisi wa Kilema.

Kazi yangu mnaijua: nazunguka misituni na vihambani, yale mashamba ya migomba ya majumbani huku mlimani, kufuatilia mbawakawa wanaoishi kwenye miti iliyokufa, wale adimu wanaolindwa, ambao gogo bovu ndiyo nyumba yao na ndicho chakula chao (mama yangu akiulizwa nafanya kazi gani hujibu "yuko serikalini," anaishia hapo). Kwa Mzee Aloisi kulikuwa na mti wa mringaringa mkavu umesimama katikati ya migomba, kila mtu akimwambia aukate kuni, naye akagoma. "Binti," aliniambia, "hawa wapangaji wako hawanisumbui." Basi nikawa naenda mara kwa mara, na majirani wananiona naingia na kutoka, mimi sina habari.

Akafariki. Asubuhi ya mazishi nafika nakuta wanaukoo wameshauangusha ule mti na kuupasua kuni za kupikia msibani. Ningemlaumu nani siku kama ile? Nikachakura kwenye vipande nikapata jike mmoja tu aliye mzima, nikamtia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Hapo ningempeleka kwanza kwenye mti mwingine, lakini nikaona nitachelewa ibada, nikalitumbukiza kopo kwenye mkoba, nikabeba na shada langu la maua.

Kumbe kifuniko kiliachia, mdudu akapanda kwenye maua. Sikumwona mpaka nimeshaliweka shada juu ya jeneza na wabebaji wameshika kamba tayari kuteremsha.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Msimfukie! Ni wangu! Nimebaki na huyu tu!"

Padri akaduwaa, mkono uko hewani. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Si niliwaambia?" Nami badala ya kueleza nikapiga magoti kwenye udongo, nikanyoosha mikono, watu wawili wakanidaka mabega wakidhani najirusha kaburini. "Mdudu," nalia, "mdudu wangu," na aliyenishika ananibembeleza: "Pole dada, tunajua."

Aliyesogea ni mjane mwenyewe, Mama Aneti. Aliyatazama yale maua, akanyoosha kidole, mbawakawa akapanda.

"Huyu si wa kwenye mringaringa?"

"Ndiye, mama. Nisamehe."

Akamshika muda mrefu. "Alikuwa anawasalimia kila asubuhi," akasema. "Mimi nilidhani mzee anaongea peke yake." Kisha akanikabidhi, akawageukia wanaukoo: "Kile kisiki kilichobaki kisiguswe."

Baadhi walicheka, wengine walilia, mimi nilifanya yote mawili.

Jike yule nilimwachia kwenye kisiki jioni ileile. Sasa nikienda Kilema sipitilizi mtini kama zamani; naanzia jikoni kwa Mama Aneti, nampa shikamoo yake, nakunywa chai nikiwa nimekaa, ndipo tunakwenda kisikini pamoja, mchana kweupe. Na nimeapa: siku kiumbe chochote kikiniponyoka tena mbele za watu, neno la kwanza kunitoka mdomoni litakuwa "mdudu."