Uso wa Monika kwenye Ubao

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Ni siku niliyofunga sanduku la mke wangu ili nimrudishe kwao, naye hakuwa amesema anataka kwenda.

Mimi na Monika tulikuwa na miezi saba tangu tufunge ndoa, tumehamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kintinku. Yeye alikulia Utemini, mjini Singida, karibu na bomba la maji na mashoga wa kupiga nao soga. Mimi niliyapenda sana maisha ya kijijini, kulima pamoja na kuimba shambani. Kama na yeye aliyapenda, sikuwahi kumuuliza.

Jirani yetu Mwalimu Salome alikuwa na kipaji cha kuchora, akitumia rangi zilizobaki shuleni. Jumapili moja alituletea ubao wenye picha ya Monika aliyoichora. Ameketi ukingoni mwa kitanda chetu, nywele hazijasukwa, ameinamisha kichwa, macho nusu yamefumba, mkono mmoja umepotelea ndani ya khanga. Kilichonisumbua ni mdomo. Hakucheka wala hakununa.

Waliokuja kutusalimu kila mmoja alisema lake. Mwenyekiti wa kijiji alisema huyu ana usingizi, shamba limemchosha. Mwingine akasema jino linamuuma, akatutajia na mzizi wa kutafuna. Tulicheka sana, ila mimi kicheko changu kiliishia mdomoni. Kila nilipoutazama ubao ule niliona huzuni. Nikajiambia mke wangu anataka kwao na anaona aibu kunieleza.

Siku ya tano asubuhi, Monika alipokwenda kisimani, nilivuta sanduku lake nikaanza kukunja nguo. Nilikusudia twende Manyoni tutafute gari la Singida. Nilimpenda, mwanangu, na niliona heri nimkose kuliko ateseke kwangu. Nikiwa nakaza kamba, akaingia Bibi Ndalu, mama mtu mzima aliyetulea pale kama mzazi wetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani anasafiri?"

Nikamweleza, nikamwonyesha na picha. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama bila haraka.

"Mimi naona mtu anayesikiliza kitu," alisema. "Wewe una hofu, ndiyo maana umeona huzuni. Monika umemuuliza?"

"Bado, bibi."

"Basi siku zote hizi unaongea na ubao, na mwenye uso yupo."

Monika akaingia na ndoo kichwani. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Unanifukuza?" aliuliza.

Nikamwambia yote, kwa kubabaika, ya mwisho nikiyatanguliza. Alitua ndoo, akakaa kitandani, akacheka hata akashindwa kusema. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake.

"Siku ile mtoto alicheza kwa mara ya kwanza," alisema. "Nilikuwa nangoja arudie, Salome akaniambia nitulie hivyohivyo. Niliona haya kukwambia. Nikasema utaiona picha, utaniuliza mwenyewe. Nikangoja, huulizi."

Bibi Ndalu alitoka nje akipiga vigelegele, majirani wakaja mbio na majembe yao. Mimi nilibaki nafungua kamba huku nikicheka peke yangu.

Walipoondoka, sasa nikamuuliza Monika kama kijiji kinamchosha. Akanijibu kweli: kinamchosha, maji ni mbali na kwao anapakumbuka, lakini kuondoka hajafikiria. Kumbe huzuni nayo ilikuwemo ndani ya furaha ile. Tangu hapo nikawa nakwenda naye kisimani. Wanaume wenzangu walinicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Mwanangu, uso wa mtu unaweza kubeba mambo mawili au matatu kwa mara moja, na aliye na hofu ataona lile analoliogopa tu. Ukimwona umpendaye amenyamaza, usimmalizie hadithi yake. Kaa karibu naye, uliza, kisha unyamaze usikie, hata jibu likiwa na uchungu kidogo ndani yake. Na kama una habari njema, usingoje mpaka uulizwe. Monika mwenyewe alikiri hilo.

Mungu akupe nyumba ambayo watu wake wanaulizana. Akupe mwenzi, akupe watoto, na chakula chenu kiwe na mazungumzo marefu. Nenda kwa amani, mwanangu.