Chuma Kikivimba

Juzi, kwenye gereji moja ya Chikongola, nilimwona fundi akipenyeza kibamba chembamba cha kupimia nafasi juu ya valvu ya injini. Nikasikia tena harufu ya dizeli na unga wa makopa ya muhogo wa mashine yetu ya kusaga, kule Mpapura.

Siku moja, nikiwa mdogo, baba alisubiri mashine ipoe, ndipo akapima hivyohivyo.

"Mbona unaacha upenyo?" nikamuuliza.

"Chuma kikipata moto kinavimba, mwanangu. Ukikibana, valvu haifungi."

Nikaamini chuma nacho hununa. Mama alipoleta ugali uliopoa kwa kumngoja baba, akautua kwa kishindo na kuondoka, baba akainuka amfuate. Nikamshika shati.

"Mwache, baba. Kavimba. Mwachie upenyo."

Alicheka mpaka spana ikamponyoka.

Leo najua chuma hakinuni. Ila mume wangu akivimba, nangoja apoe, ndipo nipime.