Konekta za Taa ya Boti

Kazi ya sola nimeifanya hapa Ruangwa miaka mingi. Nimefunga taa Malolo, Kiegei, hadi kwenye vibanda vya kulindia ufuta. Mimi na ubishi ni chanda na pete, na ukija kwenye mambo ya waya ndiyo huniambii kitu kabisa.

Mdogo wangu alizichoka korosho, akashuka Lindi kuvua dagaa na wenzake wawili. Siku moja akanipigia simu. "Dada, taa ya juu ya boti inataka konekta za kuungia nyaya, za volti kumi na mbili, zisizoingiza maji. Taa hiyo ndiyo inayowaonyesha wenye vyombo vikubwa kwamba tupo. Ikizima watatupitia juu." Nilimwelewa vizuri. Sitajitetea kwamba sikuelewa.

Nilizunguka maduka yote ya Ruangwa nikakuta za pikipiki tu, ukizikaza mara mbili zinapasuka. Muuzaji mmoja akaniambia niende Nachingwea, kuna mfanyabiashara ana vifaa vya maana. Huyo tulikuwa tumenuniana tangu aliponisahihisha mbele ya wateja wangu. Nikasema siendi kumpigia magoti kwa ajili ya vichuma viwili. Nikachukua zile za pikipiki, nikazizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kama tufanyavyo mashambani, nikaziunga na taa, nikazizamisha kwenye karai la maji ya kisima. Siku tatu taa iliwaka. Watu walisimama kuangalia, nami kichwa kikavimba. Nikazituma kwa basi.

Maji ya kisima, si ya bahari. Fundi mzima, chumvi naijua ya kwenye mboga.

Wiki chache baadaye akapiga tena. "Dada, taa inawaka inazima. Nikifungua, mle ndani mmeota kutu ya kijani." Nikamjibu kwamba amekaza vibaya, mikono yenyewe ya kubangulia korosho, aache kuchokonoa kazi za watu. Akacheka. "Haya, dada. Fundi ni wewe." Hayakuwepo mazungumzo mengine kati yetu. Afadhali angenitukana.

Chombo kikubwa kiliwagonga kabla hakujapambazuka. Wenzake waliokolewa, yeye tulimzika kwetu Malolo. Mmoja wao alikuja msibani, akakaa nami upenuni, akanisimulia bila kujua anamsimulia nani. Taa ilikuwa imesumbua wiki nzima. Walimshauri wanunue konekta nyingine palepale Lindi, akakataa, kwa sababu dada yake alisema ni suala la kukaza tu. Siku ile alikuwa amesimama, amezibana nyaya mbili kwa vidole ili taa isizime, akibadilisha mkono kila ulipochoka.

"Umeme wa betri haupigi," akaniambia, kama anayenifariji.

Nikasema ndiyo, haupigi. Waombolezaji walisema ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia pamoja nao.

Baada ya arobaini nilipanda gari kwenda Nachingwea. Yule mfanyabiashara alinipa pole kwanza, kisha akainama kwenye rafu ya chini na kunitolea konekta nilizomwomba: shaba iliyopakwa bati, mpira wake ndani, kifuniko cha kukaza kwa mkono. Zilikuwa zimejaa boksi. Ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nilinunua mbili, sijui kwa nini.

Mama alizikuta kwenye mkoba wangu nilipokwenda kumwona, baba akiwa shambani. Kiswahili hakimtoki sana, tukiwa wawili tunazungumza Kimwera. Akazigeuza kiganjani, akauliza ni za nini. Nikamwambia ni za boti.

"Boti ipi?"

Nilimweleza yote, kununa kwangu, karai, simu ile niliyomfokea mwanawe, na vile vidole. Nilipomaliza alinirudishia konekta mkononi, akaufunga mkoba wangu mwenyewe, akaniambia baba yako asijue.