Jibu Lisilofanana na la Kitabuni

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyomwekea mwanafunzi X kwenye jibu la kweli, na kwa kuwa wiki ijayo nawe unaanza kufundisha hesabu kidato cha tano, acha nikusimulie kabla hujashika kalamu nyekundu.

Nilikuwa mwalimu mpya Kilwa Masoko, shati limenyooka kwa pasi, maringo tele. Nilitoa jaribio la intigresheni, zile hesabu ambazo jibu ukilidifrenshieti hukurudisha kwenye swali; za siku ile jibu lake lilikuwa kinyume cha saini, ile saini ya pembe. Karibu wote waliandika kama kitabu kilivyoandika. Anastazia, binti wa wakulima wa Kipatimu, peke yake alileta kinyume cha kosaini, ndugu ya saini, tena chenye alama ya kutoa mbele yake. Nikachora X kubwa.

Laiti ningeishia hapo. Nilisimama nikasoma jibu lake kwa sauti, nikasema wenye kubahatisha wakasome historia. (Kana kwamba historia ni ya wabahatishaji! Ujana una maneno.) Darasa likacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kesho yake kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu. Alimwachia mwenzake ujumbe kwamba anarudi kwao kulima, shule basi.

Mwalimu Bakari, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, alinijia na ile karatasi.

"Hili jibu umelidifrenshieti?"

"Ya nini, Mwalimu? Jibu lipo kitabuni."

"Kitabu hakikufanya jaribio. Aliyefanya ni mtoto. Haya, shika chaki."

Nikashika, huku nimenuna. Nikalirudisha jibu la Anastazia nyuma, hatua kwa hatua, na mstari wa mwisho likatoka swali langu lenyewe, bila upungufu. Majibu yale mawili, mwanangu, yanapishana digrii tisini tu, na hizo tisini zinaingia ndani ya ile konstanti, namba isiyobadilika tunayoijumlisha mwishoni. Nilikuwa nawakumbusha wanafunzi kila siku wasiisahau konstanti, na mimi mwenyewe sikujua kazi yake.

Mzee hakunigombeza. Alifuta ubao, akasema, "Kipatimu si mbali sana. Jumamosi kuna lori."

Barabara ile ilinitingisha mpaka meno. Nilimkuta Anastazia anapalilia muhogo na mama yake. Alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba kwa aibu. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Jibu lako lilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi."

Nilidhani atafurahi. Aling'oa gugu moja, akalitupa kando.

"Nilikuwa najua, mwalimu. Nililirudia mara tatu. Lakini uliposema nimebahatisha, nikaona labda hata ninachokijua sikijui."

Mwanangu, maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Jumatatu nilisimama palepale nilipomcheka, nikaliambia darasa kosa langu lote. Anastazia alirudi, akamaliza, akafaulu vizuri. Ila mpaka anamaliza hakunyoosha tena mkono darasani kwangu. Alijibu alipoulizwa, basi.

Kwa hiyo nakuusia. Jibu la mwanafunzi likija na sura usiyoitarajia, usilihukumu kwa sura. Lirudishe nyuma taratibu. Likifika kwenye swali, mpe alama zake zote na umpongeze. Ukikosea, kiri mbele ya walewale waliokusikia, wala usiende kumnong'oneza pembeni. Na fanya hivyo upesi, maana mtoto anamwamini mwalimu wake kuliko anavyojiamini mwenyewe, na ukichelewa atakuwa ameshakubali kwamba hajui.

Nenda, mwanangu, nimekupa radhi zangu. Mola akupe subira ya kusoma kila mstari mpaka mwisho, na akujaalie mikono mingi iliyonyooshwa juu darasani kwako. Amin.