Mstari wa Nukta

Baba mkubwa alitaka nichague moja: wino au ufutio. Kitabu cha ukoo, nilichokiandika kwa penseli daftarini, kilikuwa kinakwenda kuchapwa, na yeye, kama mtoto wa kwanza wa babu, ndiye aliyekikagua. Kwenye ukurasa wa babu alikuta mstari wa nukta niliouteremsha hadi kwa mwanamke mmoja wa Kisiwani, kule tambarare. Pembeni nilikuwa nimeandika: "Kwa kauli yake mwenyewe. Haijathibitishwa." Akaniambia kitabu cha ukoo si kijiwe cha umbea.

Nilikasirika, tena sana. Nimefanya kazi masjala hapa Same mpaka nimestaafu. Najua kuna jambo la hakika, kuna la uongo, na katikati kuna jalada nene la mambo yanayosemwa. Jalada hilo halichomwi moto eti kwa sababu linamkera mkubwa. Lisemwalo lipo, walisema wahenga; mimi wala sikufika huko. Niliandika tu kwamba limesemwa, na aliyelisema ni nani.

Lililosemwa ni hili. Babu, kabla hajaoa, alikuwa akishuka kutoka Gonja milimani na ndizi, akabadilishane na maziwa kwa wafugaji wa tambarare. Huko akazaa binti. Mama mtu alimwambia mwanawe baba yake ni nani, kisha akafa. Cheti hakuna, shahidi hakuna. Na kama ni kweli, basi baba mkubwa si mtoto wa kwanza wa babu. Hapo ndipo palipomuuma.

Nilishuka Kisiwani nimwonyeshe mwenyewe ukurasa kabla haujachapwa. Ni mzee sana sasa, anaonea jicho moja, na mbuzi wake anawatukana kwa Kimasai. Nilimwamkia kwa makusudi: shikamoo, shangazi. Akaitikia marahaba, akaomba nimwonyeshe alipo. Nikakiweka kidole chake juu ya nukta.

"Mbona mistari ya wenzangu mizima, wangu umeliwa na mchwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sina uthibitisho, na wino wa kumwonea mtu huruma mimi sina. Nilidhani atalia. Akanisukuma bega.

"Huruma sijakuomba. Nataka nisomwe pamoja na ndugu zangu nikiwa hai. Lakini huyo mwenye mstari mzima, wewe ulikuwepo akizaliwa?"

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikatoa makaratasi yote, nikayapima kwa kipimo kilekile nilichompimia yeye. Baba mkubwa alibatizwa akiwa kijana mwenye ndevu. Jina la baba yake alilitaja mwenyewe, mwinjilisti akaandika. Baba yangu mzazi vivyo hivyo. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nawapa wanaume wa ukoo wino wa bure. Nikachukua ufutio kweli, nikaifuta mistari yao mizima, nikaweka nukta.

Jumapili tulikutana Gonja, sebuleni kwa baba mkubwa, ukoo mzima tumebanana kwenye mabenchi. Alifungua ukurasa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mimi umenikata?"

"Sijakukata, baba. Nimeandika aliyesema ni nani."

"Mama yangu ndiye aliyeniambia."

"Na yule wa Kisiwani aliambiwa na mama yake."

Shemeji mmoja akaanza kukohoa kikohozi cha kuombea amani, sikumjali. Nilikuwa nimeshaamua: wakinilazimisha kumfuta, naondoka na daftari langu na kitabu kisichapwe kabisa, waniite kichwa ngumu mpaka wachoke. Baba mkubwa alipitisha kidole juu ya nukta zake, halafu juu ya zile za Kisiwani. Kisha akanirudishia daftari, akasema nisome watoto wa babu kwa kufuata umri.

Nikaanza na shangazi, kwa sauti iliyofika jikoni. Wa pili alikuwa baba mkubwa mwenyewe. Nilipomtaja, akaitika.