Bibi Asiye na Mjukuu

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayo kichwani, na ya babu zao, na ya ng'ombe wa baadhi ya hao babu. Lakini mjukuu wangu amesema nikiandika jina hata moja, daftari hili analiwashia moto. Basi nitasema mjukuu wangu, na yule mwanamume, na mama yake yule mwanamume. Hao watatu na mimi tunatosha.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani hapa Kasulu. Ana miaka thelathini na mitatu, umri ambao akina mama wa kanisani kwetu wanautaja kwa sauti ya chini, kama vile ni ugonjwa. Aliwahi kuchumbiwa, na mchumba huyo nilimchagua mimi. Nilimjua baba yake, babu yake, na baba wa babu yake, wote kwa majina. Nilijua nani alivuka mto Malagarasi na nani, na nani alimzika nani. Nikasimama mbele ya watu nikasema, huyu hana doa. Kumbe ana mke Mpanda na watoto wawili. Majina ya babu zake, hata hivyo, yalikuwa sahihi kabisa.

Mjukuu wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alinunua bando, akaanza kujitafutia mwenyewe kwenye simu.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kusoma nilikuja kukazia ukubwani, kwa hiyo niliuliza kama mtu asiyejua. Siku hiyo nilikuwa nimekaa dukani kwake nakunja vitambaa, na nyuma ya pazia kulikuwa na mteja anayepimwa.

"Humo kwenye simu unajuaje mtu wa kweli na tapeli?"

"Bibi, mitandao ya wachumba ni kama soko," akasema, kamba ya kupimia ikiwa shingoni. "Ukikuta unaodai hela kabla hujasalimiwa na mtu, toka. Ukikuta wanaume wote ni warefu na wote ni madaktari, toka mbio. Huu wangu unakutaka ujipige video, ugeuze kichwa kushoto, ugeuze kulia, waone kama picha ni yako kweli. Ndipo wanakupa tiki, alama kwamba wewe ni wewe. Na mtu akikuletea upuuzi unamshtaki, wanamwondoa."

"Kwa hiyo hiyo tiki ndiyo mshenga."

"Ndiyo mshenga, Bibi. Na huyu hamalizi pombe ya watu."

Akanipa simu nimshikie, akarudi nyuma ya pazia. Kidole changu kikagusa pembeni, sijui wapi, likatokea tangazo la mazungumzo ya watu wazima, na chini yake swali: una zaidi ya miaka kumi na minane? Nikasema moyoni, hawa angalau wana adabu, wanauliza umri kwanza. Nikabonyeza ndiyo. Akatokea mdada ambaye hata mimi nilimwonea baridi.

"Bibi! Umefungua nini?"

"Wameuliza umri, nimewaambia ukweli."

"Hao ndio wabaya! Wanakuchokonoa mpaka uwatumie picha zako, halafu wanakutishia nazo."

"Picha zangu mimi? Watamtishia nani?"

Yule mteja nyuma ya pazia alicheka mpaka akakohoa, kicheko kinene cha kupanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Alipotoka sikumwona vizuri, macho yangu yana ukungu siku hizi. Jina hakutaja; angetaja ningelikumbuka mpaka leo. Aliagiza gauni la kitenge, mfuko uwe kushoto maana anatumia mkono wa kushoto. Kabla ya kuondoka alimuuliza mjukuu wangu anaamka saa ngapi, anasali wapi, na kama anapika mwenyewe au anakula mgahawani. Nikaona ni mdaku tu. Gauni likashonwa, likaning'inia ukutani wiki baada ya wiki bila mwenyewe kutokea.

Wakati huo mjukuu wangu alikwisha kumpata mwanamume wa Kibondo. Seremala. Wengine wote huko walijiandika kwa sifa, yeye aliandika kwamba meno yake ya mbele yamepishana na gari hana. "Mwongo haanzi na meno yake, Bibi," mjukuu wangu akaniambia. Walikuwa wanaonana kwa video mchana, yeye kwenye cherehani, mwenzake kwenye mbao, miezi sita sasa. Akaahidi kuja kujitambulisha Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mjukuu wangu akaanza kuimba tena akishona, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu yule wa Mpanda.

Kuimba huko ndiko kulikonitia hofu. Akidanganywa mara ya pili haimbi tena.

Kwetu, kabla binti hajatolewa, mtu wa nyumbani huenda kule kwa mchumba kwa kisingizio. Anatafuta mbegu, au anamtafuta ng'ombe aliyepotea ambaye hata hakuwahi kuwepo. Anaangalia kama uani kumefagiwa, anasikiliza mama mtu anavyowasemesha watu. Hiyo ndiyo tiki yetu. Nikamwambia mjukuu wangu naenda Kabanga hospitali kupimwa macho, nikapanda gari la Kibondo.

Nyumba niliipata kwa kuulizia karakana. Uani palikuwa safi. Mama mtu alikuwa barazani na magunia ya maharage, na kule ndani ya karakana kijana anapiga randa.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia Kiha. "Natafuta maharage ya mbegu. Natoka Makere."

Akaniangalia sana. "Makere maharage yamekwisha?"

"Yetu yameliwa na wadudu."

"Pole. Nyumbani umeacha nani?"

"Nani tena? Niko peke yangu. Sina mtoto, sina mjukuu."

"Hata mjukuu mmoja wa kukushonea blauzi nzuri kama hiyo?"

"Hata mmoja," nikasema, Mungu anisamehe, na mishono yake iko mabegani mwangu. Nikaona nibadilishe maneno. "Huyo seremala ni mwanao? Ameoa?"

Akachota maharage kwa mkono wa kushoto, akayamimina polepole kwenye mfuko wangu. "Ameoa, tena siku nyingi. Mkewe yuko shamba, ana mimba ya tatu."

Njia nzima ya kurudi nilijisifu. Nikamkuta mjukuu wangu kwenye cherehani, nikamwambia nimepata habari kwa mtu wa Kibondo niliyekutana naye kwenye foleni ya macho: mtu wako ana mke, na mimba ya tatu. Hakulia. Alimwandikia mstari mmoja, "Nimeambiwa una mke, usinitafute," akamfungia asiweze kujibu, kisha akamshtaki kwenye mtandao kuwa ni mume wa mtu. Baada ya siku mbili tiki ya yule mwanamume ikaondolewa. Mtandao wa kuaminika, nao ulikuwa umemwamini bibi.

Duka likawa kimya. Cherehani peke yake ndiyo ilisema.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, tumetoka kanisani, tukawakuta watu wawili wamesimama mlangoni pa duka. Mwanamume mwenye meno yaliyopishana, na barua mkononi yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji kwamba hajawahi kuoa. Pembeni yake mwanamke. Aliponiona akacheka kicheko kinene, cha kupanda na kushuka, kile kile nilichokisikia nyuma ya pazia.

"Mwakeye, bibi usiye na mjukuu," akasema.

"Mwakeye," nikajibu, "mama wa mwenye mke."

Mjukuu wangu akatuangalia mmoja baada ya mwingine. "Bibi. Ulikwenda Kabanga au Kibondo?"

Nikakubali. Sikuwa na pa kujificha, na mfuko wa maharage ulikuwa bado uko nyuma ya mlango.

"Mimi nilikuja kuangalia kama msichana ana tabia njema," mama mtu akasema, "nikaona anayo, nikarudi kungoja Jumapili. Halafu anakuja bibi yake mwenyewe barazani kwangu anasema hana mjukuu! Nikasema basi, wametukataa, tena kwa dharau. Na mimi nikamwoza mwanangu papo hapo, kwa mdomo tu, nisionekane nimeachwa."

"Mama," mwanawe akasema, "ningejua nina mke ningemletea kitenge."

Mjukuu wangu hakucheka. Alitoa simu, akaielekeza kwetu sisi wawili wazee.

"Humu wote tulisema kweli," akasema. "Yeye na meno yake, mimi na miaka yangu. Waongo ni nyinyi. Haya, geuzeni vichwa kushoto."

Tukageuza.

"Kulia. Sasa kila mmoja aseme jina lake la kweli, anatoka wapi, na nyumbani kwake kuna nani."

Nikasema jina langu. Nikasema natoka Kasulu, na nyumbani kwangu yuko mjukuu mmoja, ndiye aliyenishonea hii blauzi. Mama mtu naye akasema la kwake, la mume wake na la mwanawe asiye na mke. Yote ninayo kichwani, nayaacha huko.

Mjukuu wangu akaiangalia ile video mpaka mwisho. Kisha akabonyeza kitu, na simu ikalia mfukoni mwa yule mwanamume, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa amemfungulia.

"Na gauni langu?" akauliza mama mtu.

"Lilikwisha zamani," mjukuu wangu akasema, akinyoosha mkono kulitoa ukutani. "Ingia nyuma ya pazia ulijaribu."