Joto la Binti Yangu

Binti yetu wa kwanza alizaliwa kabla miezi haijatimia. Simu ilinikuta machimboni, upande wa Geita: mke wangu amefanyiwa upasuaji hospitalini Kahama, yuko hai ila hajiwezi, na mtoto ni mdogo mno. Nilipanda basi na vumbi langu lote la duarani, shimo tunalochimba dhahabu.

Wodini nilimkuta mama mkwe ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa ametoka kwake Ushetu alfajiri. Nilipiga goti mbali kidogo, nikamwamkia. Kwetu mama mkwe humkaribii. Sikuwahi hata kula mbele yake.

Nesi alikuwa ameweka kipimajoto kwapani mwa mtoto. "Thelathini na tano," akasema. "Joto limeshuka, baba. Mama yake bado hawezi kumbeba, na bibi anakohoa. Umebaki wewe. Kaoge vizuri, urudi uvue shati, umbebe kifuani."

Niliganda. Nesi alidhani namwogopa mtoto. Mama mkwe ndiye aliyeelewa. Aligeuza kiti, akatazama ukuta, akamwambia nesi kana kwamba mimi sipo, "Mwambie avue. Mjukuu wangu anapoa."

Nikaoga, nikavua. Mtoto alilazwa kifuani pangu akiwa na kofia, soksi na nepi tu. Mgongo wake ulikuwa wa baridi. Nesi alitufunga pamoja kwa kitenge, akatandaza blanketi juu. Mtoto alikuwa mwepesi hata nikawa nachungulia kila mara kuona kama bado yupo.

Nesi aliporudi kupima, joto lilikuwa limepanda kidogo. Tukambadilisha nepi dirisha likiwa wazi, joto likashuka tena. Nesi akalifunga dirisha, tukaanza upya. Mgongo uliniuma, nikakaa hivyo hivyo. Mama mkwe, macho bado ukutani, akauliza, "Miguu yake je?" Nikazishika nyayo, nikamjibu nesi, "Mwambie bado ya baridi." Nesi akacheka. "Mimi si tarishi wenu," akasema.

Jioni ilipokaribia nikasikia vidole vidogo vikinikwaruza kifua. Nesi akapima, akasubiri, akasoma. "Thelathini na sita na nusu. Hapo ndipo tunapopataka."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Kisha akasema, na safari hii hakumpitia nesi, "Asante, baba. Umetusaidia." Machozi yalinitoka, nikayaacha yatiririke, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Kesho yake mke wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Tukamhamishia mtoto kifuani pake. Akampapasa mgongo, akanitazama.

"Mbona amelowa?"

"Ni jasho langu."

Akacheka huku ameshikilia mshono wake, akavuta blanketi hadi kwenye shingo ya mtoto. Nami nikavaa shati, nikaenda kuwatafutia chai.